Uzoefu wa Watangazaji wa Redio kama Data ya Isimu: Yale Ambayo Mwanafunzi wa Chuo Hayapati Vitabuni

1.0 Utangulizi

Imekuwa desturi katika idara nyingi za Kiswahili na katika shule za uandishi wa habari za Afrika Mashariki kumwalika mtangazaji mkongwe aje kuzungumza na wanafunzi. Mgeni hupokewa kwa makofi. Husimulia visa vya studio, huombwa aseme maneno machache kwa “sauti ile ya redio”, wanafunzi hucheka, picha hupigwa, kisha mgeni husindikizwa hadi kwenye gari lake. Wiki inayofuata darasa hurejea kwenye nadharia ya rejista na mitindo ya lugha. Ni nadra kumsikia mwanafunzi akiuliza iwapo mambo mawili hayo hayakuwa jambo moja.

Makala haya yanajadili thamani ya kiisimu ya mazungumzo ya namna hiyo. Hoja inayotolewa ni kwamba masimulizi ya mtangazaji yamebeba ujuzi wa lugha ambao kwa sehemu kubwa haujaandikwa: ujuzi juu ya muundo wa sentensi unaofaa sikio, juu ya matamshi ya majina, juu ya njeo za vitenzi, na juu ya uhusiano kati ya sauti na mamlaka. Ujuzi huu hupatikana kwa kufanya kazi, na hupotea mwenye nao anapoondoka. Mwaka 2025 peke yake Afrika Mashariki ilimpoteza Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyefariki Februari, na Charles Hilary wa Tanzania, aliyefariki Mei baada ya kuvitumikia vituo vya ndani na idhaa za Kiswahili za ng’ambo. Wanafunzi waliobahatika kuwasikiliza wawili hao ana kwa ana ni wachache, na waliowauliza maswali ya isimu bila shaka ni wachache zaidi.

Historia yenyewe haihitaji kurudiwa kwa kirefu. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilianza mwaka 1951. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, ile ya Sauti ya Ujerumani mwaka 1963, na Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ikapata jina hilo mwaka 1965. Mafunzo ya kazi hii yalipata vyuo vyake pia: Kenya ilikuwa na taasisi yake ya mawasiliano ya umma tangu mwaka 1961, na Tanzania ilianzisha shule ya uandishi wa habari mwaka 1975. Linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba watangazaji wa miaka ile ya mwanzo walianza kazi kabla ya kuwapo kitabu chochote cha kuwaelekeza namna ya kutangaza kwa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipata jina na hadhi hiyo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa imekwisha kusomwa mara elfu kadhaa.

Wataalamu wa taaluma nyingine hawakuzembea. Kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973, iliyowakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, iliandikwa sana na wataalamu wa elimu ya watu wazima. Mchezo wa redio “Twende na Wakati”, ulioanza mwaka 1993, ulipimwa na wataalamu wa mawasiliano kwa namna ya kisayansi kabisa, hata eneo la Dodoma likaachwa bila mchezo huo kwa takriban miaka miwili ili lilinganishwe na sehemu nyingine za nchi. Isimu, ambayo ndiyo yenye haki ya kwanza juu ya lugha ya redio, haikuonyesha bidii ya kiasi hicho.

2.0 Sikio halirudi nyuma

Msomaji wa gazeti akipotea katikati ya sentensi huinua macho na kuanza upya. Msikilizaji wa redio hana nafasi hiyo. Kila mtangazaji mkongwe huanzia hapa, na mwanafunzi huliandika jambo hili katika daftari kama nasaha ya kawaida. Lakini likichunguzwa kwa makini, ndani yake mna madai mazito juu ya sintaksia ya Kiswahili.

Tuchukue sentensi ya aina inayoandikwa kila siku magazetini:

(1) Waziri wa Kilimo, ambaye alikuwa akizungumza na wakulima wa pamba waliokusanyika katika viwanja vya shule ya msingi ya kijiji hicho, ambacho kipo kilomita arobaini kutoka makao makuu ya wilaya, amewataka wapalilie mapema.

Kati ya kiima na kitenzi chake kikuu yamepita maneno zaidi ya ishirini. Mhariri wa redio angeikata hivi:

(2) Waziri wa Kilimo amewataka wakulima wa pamba wapalilie mapema. Alikuwa akizungumza nao katika kijiji kilicho kilomita arobaini kutoka makao makuu ya wilaya.

Mabadiliko hayahusu urefu peke yake. Katika (2) njeo zimegawana kazi: -me- inaleta habari, na umbo la “alikuwa aki-” linarudi nyuma kueleza mazingira yake. Mgawanyo huu ni wa kudumu katika taarifa za habari za Kiswahili kiasi kwamba msikilizaji aliyezoea huweza kujua, kwa kusikia -me- tu, kwamba habari mpya imeanza. Vitabu vya sarufi vinaieleza -me- kwa mintarafu ya hali timilifu. Watangazaji waligundua matumizi yake ya kupanga matini, na waligundua bila kuyapa jina.

Inaweza kupingwa kwamba Kiswahili, kwa sababu ya upatanisho wa ngeli, kinavumilia umbali kati ya kiima na kitenzi kuliko lugha nyingine. Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu. Katika (1) kitenzi “amewataka” hakiwezi kudhaniwa kuwa ni cha kijiji wala cha viwanja. Upatanisho unatosha kumwongoza msikilizaji. Tatizo ni kwamba habari za redio zimejaa watu, na watu wote wamo katika ngeli moja. Sentensi kama “Rais alimwambia Waziri kwamba hakuridhika na kazi yake” ina njia zaidi ya moja za kufahamika, na hakuna kiambishi kitakachoitatua. Hapo ndipo kanuni ya chumba cha habari inapoingia: rudia nomino. Mwalimu wa insha shuleni huhesabu marudio kuwa kasoro na kumtaka mwanafunzi atumie kiwakilishi. Mhariri wa redio huhesabu kiwakilishi kuwa hatari. Mwanafunzi aliyefunzwa na wa kwanza na kuajiriwa na wa pili hupata taabu kwa muda, na taabu hiyo ingepungua kama chuo kingemweleza mapema kwamba pande zote mbili zina sababu.

Mfano mzuri zaidi unahusu ukanushi. Katika masafa mafupi, na hasa nyakati za mvua na radi, silabi moja ikimezwa na mkwaruzo hairudi. Tofauti kati ya “bei ya unga itapanda” na “bei ya unga haitapanda” ni silabi moja tu, tena iliyoko mwanzoni mwa kitenzi na isiyo na mkazo. Ikipotea, msikilizaji wa Namanyere au Liwale amepata habari iliyo kinyume kabisa. Ndiyo maana waandishi wazoefu wa habari za redio hupendelea “bei ya unga itabaki ileile”. Kwa mwanaisimu, hapa kuna swali la kuvutia juu ya mahali pa kikanushi katika lugha za Kibantu na gharama yake katika mawasiliano. Kwa mtangazaji, ni suala la watu kukimbilia dukani bila sababu.

Tarakimu nazo zina mitego yake. Mtu akitamka “elfu mia mbili”, msikilizaji mmoja atasikia 200,000 na mwingine atasikia 1,200. Karani anayeona tarakimu kwenye karatasi hatambui kuwa pana utata. Watangazaji walizoea kusema “laki mbili” kwa idadi ya kwanza na “elfu moja na mia mbili” kwa ya pili. Neno “laki”, ambalo baadhi ya vijana wa leo hulihesabu kuwa la sokoni, lilikuwa na kazi ya kutatua utata katika taarifa za habari. Kuhusu saa, inatosha kukumbusha kwamba idhaa za ng’ambo hulazimika kutaja “saa za Afrika Mashariki” kwa sababu msikilizaji wa Bujumbura au Bukavu yuko saa moja nyuma, naye pia huhesabu saa kwa Kiswahili.

Kuna pia jambo la shada. Vitabu hufundisha kwamba mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hutoa “barabara” kama mfano wa neno linalobadili maana mkazo ukihama: njia ya magari kwa upande mmoja, “sawasawa” kwa upande mwingine. Mfano huo umerudiwa kiasi cha kuchakaa. Mtangazaji angeweza kuongeza mingine, maadam yeye hulazimika kuamua kila siku pale maandishi yanapokaa kimya. Swali la ndiyo au hapana, kwa mfano, halina alama yoyote ya kimuundo isipokuwa kiimbo. Kwa hiyo mswada wa redio huweka “je” mahali ambapo mazungumzo ya kawaida yasingeihitaji, ili msomaji asifike mwisho wa sentensi ndipo agundue, kwa alama ya kuuliza, kwamba alikuwa akiuliza.

3.0 Matangazo ya vifo

Kama ingebidi kuchagua aina moja tu ya matini ya redio ya kuwapa wanafunzi waichambue, chaguo bora lingekuwa matangazo ya vifo. Kwa miongo kadhaa, kabla ya simu za mkononi kuenea, redio ya taifa ndiyo iliyowafikishia mamilioni ya watu habari za misiba. Muundo wake unafahamika na kila mtu aliyekulia katika nyumba yenye redio: ndugu fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea siku fulani, mazishi yatafanyika mahali fulani, habari ziwafikie fulani wa mahali fulani, na fulani wa mahali fulani, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Kiini cha matini hii ni “ziwafikie”. Kitenzi kiko katika hali ya dhamira, na kiima chake ni habari zenyewe. Anayesikitika hatamki, “ninawaarifu.” Redio nayo haisemi, “tunawaarifu.” Habari zinaombwa zisafiri zenyewe, kama mjumbe anayetumwa kijiji kwa kijiji. Wafuasi wa nadharia ya vitendo-uneni wangepata hapa kitendo kinachotimia kwa kutamkwa, lakini ambacho mtendaji wake amejificha. Jambo la kusisitiza ni kwamba muundo huu hauelekei kufasiriwa kutoka lugha nyingine yoyote. Umekaa kama salamu za barua za Waswahili, na ungestahili kulinganishwa nazo.

Kazi ngumu, hata hivyo, ilikuwa katika majina. Tangazo moja la msiba laweza kutaja watu wa makabila matatu na vijiji vinne. Msomaji wa habari mzaliwa wa pwani alilazimika kutamka majina ya Kisukuma yanayoanza na ng’w, ambayo karani wa mashine ya kuchapa aliyaandika bila kibainishi, na hivyo kuiacha ng’ ya “ng’ombe” isitofautike na ng ya “ngoma”. Alikutana na majina ya Kihaya yanayoanza na rw na by. Alikutana na jina la Kiiraki kama Qorro, ambalo herufi yake ya kwanza haimo kabisa katika alfabeti ya Kiswahili. Alikutana na mji wa Same, na nambari yoyote ya vijiji vilivyobatizwa Majengo au Songambele, kila wilaya na chake. Ndipo umuhimu wa kutaja kata, wilaya na mkoa ulipoonekana, na ndipo ilipolazimu kuuliza wenzake ofisini kabla ya kuingia studio: jina hili kwenu mnalitamkaje?

Jambo hili si dogo. Jina likiharibiwa, mwana hafiki kumzika baba yake. Watangazaji wengi wastaafu, wakiulizwa juu ya kosa linalowasumbua moyo hadi leo, hawataji taarifa ya kisiasa. Hutaja jina. Kwa mtazamo wa isimu, kila studio ya redio ya taifa ilikuwa maabara ya fonolojia ya majina ya watu na mahali, ambamo sheria za Kiswahili sanifu zilikutana na lugha zaidi ya mia moja za nchi, na uamuzi ulitolewa papo hapo: je, jina lifuate mkazo wa Kiswahili au wa lugha yake? Maamuzi hayo hayakuandikwa popote. Yako katika kanda zilizosalia na katika kumbukumbu za waliokuwapo.

4.0 Mpira na njeo zake

Utangazaji wa mpira wa miguu umewavutia wanaisimu wa nchi nyingine mapema zaidi. Charles Ferguson, katika makala yake ya mwaka 1983 juu ya lugha ya watangazaji wa michezo wa Marekani, alionyesha kwamba wao hudondosha viambajengo vya sentensi, huhamisha kiima nyuma ya kitenzi, na hutumia njeo kwa namna ya pekee. Ingefaa kuuliza Kiswahili hufanya nini katika hali hiyohiyo.

Kiswahili hakiwezi kudondosha kiima kwa urahisi huo, kwa sababu kiambishi cha kiima kimeshikamana na kitenzi. Lakini kwa sababu hiyohiyo kinaweza kuisogeza nomino nyuma bila gharama kubwa: “Anapiga Tino! Anapangua mlinda mlango, unatoka nje mpira, itakuwa kona.” Kila kitenzi kimekuja kwanza, na mtendaji amefuata. Maelezo ya kimapokeo yangesema kuwa huu ni mtindo wa kuleta msisimko. Yapo maelezo ya karibu zaidi na kazi yenyewe. Mtangazaji aliyekaa juu ya jukwaa huona tendo kabla ya kumtambua mtendaji. Anahitaji nusu sekunde ili asome namba ya fulana. Kiambishi a- humpa nusu sekunde hiyo, kwa kuwa kimekwisha kumwahidi msikilizaji kwamba yuko mtu, na jina lake linakuja. Hii ni nadharia juu ya mpangilio wa maneno katika Kiswahili inayoweza kupimwa kwa kanda na saa, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili asiyejua achunguze nini angeweza kuanzia hapo.

Njeo nazo hugawana kazi hata kwa tukio moja. Bao la Peter Tino dhidi ya Zambia mjini Ndola mwaka 1979, lililoipeleka Tanzania katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 huko Lagos, Watanzania wa Bara walilipata kwa masikio, kwani wakati huo Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Kwa kanuni za utangazaji wa Kiswahili, bao la namna hiyo hupita katika njeo tatu kabla ya usiku kwisha. Katika matangazo ya moja kwa moja ni “anafunga”. Katika taarifa ya habari ni “amefunga”. Katika masimulizi ya baadaye, ya redioni au ya kijiweni, ni “akafunga”. Mwalimu wa sarufi anayetafuta mfano wa tofauti kati ya -na-, -me- na -ka- hatapata ulio wazi kuliko huu, na wanafunzi wake wataukumbuka.

Msamiati wa uwanja huu, yaani mlinda mlango, kuotea, mpira wa adhabu, chenga, dimba, umejadiliwa kwingineko na hapana haja ya kuurudia. Itoshe kusema kwamba istilahi nyingi zilifanyiwa mtihani wake wa kwanza redioni, na zile zisizotamkika kwa kasi zilianguka hapo hapo.

5.0 Sauti ni ya nani?

Erving Goffman alipendekeza kwamba dhana ya “msemaji” igawanywe mara tatu: yuko anayetoa sauti, yuko aliyeyatunga maneno, na yuko mwenye kauli, ambaye msimamo wake ndio unaotamkwa. Katika mazungumzo ya kawaida watatu hao huwa mtu mmoja. Katika taarifa ya habari ni watu watatu mbalimbali, na wakati mwingine hawapatani.

Hakuna mfano mzito zaidi wa jambo hili katika historia ya redio ya Kiswahili kuliko asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 mjini Nairobi. Askari wa jeshi la anga walioasi walimchukua Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka katika kituo cha Sauti ya Kenya, na kumlazimisha awatangazie wananchi kwamba serikali imepinduliwa. Mbotela alikuwa akifahamika nchi nzima kwa kipindi chake cha “Je, Huu ni Ungwana?”, kilichoanza mwaka 1966. Yeye mwenyewe alilisimulia tukio hilo hadharani mara nyingi katika miaka iliyofuata. Askari wale walikuwa na silaha na walikuwa na kituo. Walikuwa pia na maneno yao. Walichokosa ni sauti ambayo Wakenya wangeiamini, na sauti hiyo iliwabidi waifuate kitandani. Siku hiyohiyo majeshi yaliyoitii serikali yalikikomboa kituo, na redio ileile ikawatangazia wasikilizaji walewale kinyume chake.

Linganisha na Zanzibar, Januari 1964. John Okello, mzaliwa wa Lango nchini Uganda, alijitangaza mwenyewe kwenye redio kuwa Jemadari Mkuu. Hakuazima sauti ya mtu. Wenyeji waliomsikia walitambua mara moja, kwa lafudhi yake, kwamba huyu si mtu wa visiwani, na jambo hilo likawa sehemu ya hofu yao na ya maswali yao: ni nani huyu? Katika tukio la kwanza mtoa sauti na mwenye kauli walitengana. Katika la pili waliungana katika mtu mmoja, na lafudhi ikatoa habari ambazo maneno yenyewe hayakuzitoa. Mwanafunzi anayesoma juu ya lafudhi na utambulisho wa kijamii angenufaika zaidi kwa kuyatafakari matukio haya kuliko kwa mifano ya New York anayopewa kila mwaka.

Utengano huohuo, katika hali ya utulivu, umezaa muundo mashuhuri wa habari za Kiswahili. “Wakulima wametakiwa kuacha kilimo cha mazoea. Hayo yamesemwa leo mjini Mbeya na…” Sentensi ya kwanza ina agizo lisilo na mwagizaji. Sentensi ya pili inamleta, lakini kwa kauli ya kutendwa, na agizo lenyewe limekwisha kugeuka kuwa “hayo”. Walimu wa uandishi wa habari huuona muundo huu kuwa wa kizembe. Uzembe waweza kuwapo. Lakini muundo unaodumu muda wote huo, kupitia mfumo wa chama kimoja hadi vyama vingi, kutoka redio ya serikali hadi vituo vya watu binafsi vilivyokuja baada ya sheria ya mwaka 1993, una kazi unayoifanya. Unaiwezesha redio kutamka agizo kana kwamba ni hali ya mambo ilivyo, na kumwacha mtangazaji bila dhima. Mkongwe aliyeusoma kwa miaka thelathini anajua ni lini alifurahi kuwa nao na ni lini alitamani usingekuwapo. Hilo ndilo swali la kumwuliza.

6.0 Jinsi ya kumwuliza mgeni

Tahadhari mbili zinahitajika. Ya kwanza ni kwamba mtangazaji mkongwe, kama mzee yeyote wa lugha, hupenda kusema kuwa Kiswahili cha zamani kilikuwa safi na cha sasa kimeoza. Atataja “mwisho wa siku”, tafsiri sisisi inayotumiwa na vijana wa vituo vya leo bila kuangalia kama siku imefika mwisho, na atakuwa na haki ya kukereka. Lakini kanda za miaka ya sitini nazo zina tafsiri sisisi nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya habari ilikuja kwa Kiingereza kutoka mashirika ya habari ya nje na ikafasiriwa kwa haraka. Tofauti ni kwamba tafsiri zile zimezoeleka hata hazitambuliki. Mitazamo ya mzungumzaji juu ya lugha ni data, ila si data juu ya lugha yenyewe, na mwanafunzi afundishwe kuvitenga vitu hivyo viwili bila kumvunjia mgeni heshima.

Ya pili ni kwamba watu hawajui wanavyosema. Allan Bell, katika utafiti wake wa New Zealand uliochapishwa mwaka 1984, aliwasikiliza wasomaji wa habari waliofanya kazi katika vituo viwili vya Wellington, katika jengo lilelile, na akagundua kwamba mtu mmoja aliitamka t iliyo kati ya irabu kwa namna tofauti kulingana na hadhira ya kituo. Kiswahili kina mahali pengi pa kufanyia uchunguzi wa aina hiyo. Mtangazaji mmoja asomapo taarifa ya habari huweza kutamka “dhahabu” na “thelathini” kwa ukamilifu, na aendeshapo kipindi cha salamu saa moja baadaye akateleza hadi “zahabu” na “selasini”. Ukimwuliza, atakataa. Ukimsikilizisha kanda yake, atacheka, na hapo ndipo mazungumzo yenye manufaa yanapoanza.

Kwa hiyo kumwalika mgeni mikono mitupu ni hasara. Aombwe mapema aje na mswada wa zamani kama anao, hasa ule wenye alama zake za kalamu: mikwaju ya kutenga pumzi, mistari chini ya maneno ya kukaziwa, jina la mtu lililoandikwa upya silabi kwa silabi. Alama hizo ni uchambuzi wa kiarudhi uliofanywa na mzungumzaji mwenyewe, kabla ya tamko, kwa ajili ya tamko. Zikiwekwa sambamba na kanda ya usomaji uleule, zitaonyesha mahali ambapo alipanga kupumua na mahali alipopumua kweli. Mgeni asirekodiwe anapohutubia tu. Arekodiwe pia anapousoma mswada huo mara mbili, mara ya kwanza kama alivyousoma siku ile, mara ya pili kama angemsomea jirani.

Kanda za sumaku, hata zikihifadhiwa vizuri, huharibiwa na joto na unyevu, na mji wa Dar es Salaam una vyote viwili kwa wingi. Nyingine zilifutwa na kurekodiwa juu yake, desturi iliyokuwa ya kawaida katika vituo vingi duniani kwa sababu kanda zilikuwa ghali. Miswada ya karatasi ilifungiwa vitu sokoni. Wanafunzi wanne wenye kinasa sauti na orodha ya maswali kumi wanaweza kummaliza mtangazaji mmoja mstaafu katika alasiri mbili, na wengi wao wanaishi umbali wa nauli ya daladala kutoka chuoni. Swali la kwanza katika orodha hiyo liwe hili: ni jina lipi uliwahi kulikosea, na lilitamkwaje?